Shangazi Hakumroga Mtu

Mlioko Kalundu, hapa Uvira, mnaoanika ndagala, mlioko Mulongwe na Kimanga, mlio kwenye foleni ya mpaka pale Kavimvira, na ninyi wa Kiliba, Sange, Makobola hadi Baraka ambao redio hukamata kwa shida, karibuni. Papa, mama, vuteni kiti. Leo nina habari ambayo katika nyumba nyingi husemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Ni habari ya wazimu unaoingia katika ukoo mmoja, unatulia, kisha unarudi kwa wajukuu.

Tuanze na jambo mnalolijua. Kijana amesoma vizuri. Eksetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ameipita, amemwagiwa poda kichwani, watu wamecheza barabarani. Ametumwa Bukavu kuanza chuo. Mwaka haujaisha, analetwa nyumbani. Halali usingizi. Anacheka peke yake. Chakula alichopika dada yake hakigusi. Redio anaifunika kwa shuka, maana anasema mtangazaji anamtaja yeye. Siku moja anasimama katikati ya uwanja, majirani wakiwa wanasikia, anasema: "Ni shangazi. Shangazi ndiye ananila."

Basi, shauri limekwisha. Hakuna tena wa kuuliza. Watu wanakumbuka kwamba siku ya sherehe shangazi hakucheza sana. Wanakumbuka kwamba bibi yake huyo shangazi naye aliwahi kuzurura bila nguo. Mambo yanaungana vizuri mno, na mama wa watu anaanza kuangaliwa kwa jicho baya.

Mimi leo nitasema polepole, na nitarudia ili asiyesikia asikie: shangazi hakumroga mtu. Na si neno la mchezo. Katika Kivu Kusini yetu wanawake wazee wamekwisha kuuawa na makundi ya watu kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo tukizungumza juu ya ubongo na urithi, tunazungumza pia juu ya maisha ya huyo shangazi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wazee wetu waliposema kwamba ugonjwa huu unafuata ukoo, walidanganya? Hapana. Waliona sawasawa. Hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na macho na kumbukumbu. Waliona babu, kisha mjomba, kisha mjukuu. Madaktari wa ulimwengu mzima, baada ya kuhesabu jamaa za wagonjwa kwa miaka mingi, wamekuta jambo lile lile. Wazee waliona sawasawa. Walikosea walipoeleza sababu. Walichokiona kinapita katika damu, wao walikiita laana.

Ugonjwa ninaousema hasa unaitwa skizofrenia, na kuna ndugu zake, kama bipola inapompandisha mtu hadi akapoteza ukweli. Katika watu 100, wa kabila lolote, wa nchi yoyote, skizofrenia humpata kama mmoja katika maisha yake. Lakini chukua watoto 100 ambao mzazi wao mmoja anao: hapo wanaoupata ni kama 10. Umeona? Umeongezeka mara nyingi. Kweli unafuata ukoo. Lakini geuza hesabu hiyo uione upande wa pili. Kati ya hao watoto 100 wa mgonjwa, kama 90 hawaupati. Wataoa, watavua samaki, watauza mihogo, watazeeka. Upande huu wa hesabu sijausikia ukisemwa kwenye mikutano ya familia.

Tazama tena mapacha. Wale ambao Warundi huwaita Bukuru na Butoyi. Kuna mapacha waliofanana kabisa, waliotoka katika yai moja, wenye urithi uleule. Kama ugonjwa ungekuwa ni urithi tu, Bukuru akiugua, Butoyi naye lazima augue. Je, ndivyo? Sivyo. Uchunguzi uliofanywa kwa mapacha wa namna hiyo unaonyesha kwamba mmoja akiugua, mwenzake huugua kama mara moja katika mbili, au pungufu ya hapo. Urithi uleule, titi lilelile, na bado mmoja anabaki mzima.

Basi kinachorithiwa ni nini? Mtu wa Uvira nitamweleza hivi. Baba yako amekuachia kiwanja kando ya mto Mulongwe. Hakukuachia mafuriko, amekuachia kiwanja. Unaweza kukaa pale miaka 30 ukiwa mkavu. Lakini ikija mvua kama ile ya Aprili 2020, iliyofagia maelfu ya nyumba hapa mjini, wewe wa bondeni utapigwa na maji kabla ya yule wa mlimani. Ndivyo urithi wa ugonjwa huu ulivyo. Unarithi mahali pa kusimama. Mvua ni habari nyingine.

Na mvua ni zipi? Nyingine hunyesha kabla mtu hajazaliwa. Uholanzi, katika baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani waliziba njia za chakula na watu wakafa njaa. Watoto waliotungwa mimba wakati njaa imekaza, walipokuja kuwa watu wazima, skizofrenia iliwapata kama mara 2 kuliko wenzao. Ninapomwona mama mjamzito aliyekimbia vita kutoka Moyens Plateaux anakula mara moja kwa siku, nafikiri juu ya hao Waholanzi. Kuna kuzaliwa kwa shida, mtoto akikosa hewa. Na kuna bangi. Vijana mnaovuta pale ufukweni, msinikasirikie: bangi haimtii wazimu kila anayevuta, lakini kwa yule mwenye kiwanja bondeni, hasa akianza angali mdogo na akivuta kila siku, inaongeza hatari sana. Wewe kiwanja chako kiko wapi? Hujui. Ndiyo shida yenyewe.

Kuna mtu ananiuliza: hiyo jeni ya kichaa wamekwisha kuiona? Jibu ni kwamba haipo. Jeni moja ya kichaa haipo. Mwaka 2022 watafiti waliokusanya habari za wagonjwa makumi ya maelfu walichapisha sehemu 287 katika vinasaba vya binadamu ambazo kila moja inasukuma kidogo sana, kidogo mno. Baadhi yake unazo wewe, ninazo mimi, anazo mchungaji na anazo mganga. Mgonjwa ni mtu ambaye nyingi zilikutana kwake. Kwa hiyo ile lugha ya "ukoo wao ni wachafu, wetu ni safi", wataalamu wa vinasaba hawana mahali pa kuiweka.

Kasoro moja niitaje: damu nyingi iliyochunguzwa ni ya Wazungu, na kiasi ya watu wa Asia. Ndiyo maana tangu 2018 utafiti mkubwa uitwao NeuroGAP-Psychosis ulipita katika hospitali za Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, kwa Makerere, kwa Eldoret, kwa Kilifi, ukiomba wagonjwa na wasio wagonjwa wateme mate katika kichupa kidogo. Mate tu. Humo mna vinasaba vya kutosha. Kongo yetu haikuwamo, lakini watu wa Kampala na sisi tuko karibu kuliko sisi na watu wa Stockholm.

Sasa tufike kwenye swali gumu, ambalo mama mmoja akikuuliza huwezi kumjibu kwa haraka. Anasema: "Kama ni wa kuzaliwa nao, kwa nini mtoto wangu alikuwa mzima miaka 20? Kwa nini umtokee Eksetat ikiwa imepita, wakati watu wameanza kumwonea wivu?" Swali zuri. Nami nadhani hapa ndipo uchawi ulipopata nguvu zake zote. Ugonjwa huu hupenda kuanza kati ya miaka 15 na 30, mara nyingi wavulana mapema kuliko wasichana. Na katika umri huo ndipo kuna diploma, ndipo kuna safari ya kwanza, ndipo kuna mahari. Furaha za mtu zote na wivu wa jirani wote vimepangwa hapo hapo. Ugonjwa ukianza, lazima utaangukia karibu na sherehe fulani.

Lakini kwa nini umri huo? Kwa sababu ubongo wa kijana bado unajengwa. Na kujenga kwenyewe, katika umri huo, ni kukata. Mtoto ana miunganisho mingi mno kati ya chembe za ubongo. Akibalehe, ubongo unaanza kupunguza isiyotumika ili iliyobaki ifanye kazi vizuri. Mwaka 2016 watafiti wa Boston walionyesha kwamba jeni moja, iitwayo C4, inahusika katika kutia alama miunganisho ya kukatwa, na kwamba aina zake zenye nguvu zaidi zinaongeza kidogo hatari ya skizofrenia. Yaani, kwa baadhi ya watu, huenda ukataji unazidi mipaka. Mtoto alizaliwa na hilo jambo. Lilikuwa linangoja umri wake.

Mnanifuata? Twende kwenye kemia.

Ubongo wako dakika hii unapokea mambo mengi: honi ya motari, mbwa, sufuria inayochemka, taa za wavuvi zinazoonekana ziwani. Karibu yote unayaacha yapite. Lakini mtu akikuita kwa jina, unageuka. Ni nani ndani yako aliyeamua kwamba hili ni la maana na lile si la maana? Kwa sehemu kubwa ni kemikali moja, dopamini. Inatengenezwa na chembe chache zilizo chini katikati ya ubongo, kutokana na kirutubisho kinachopatikana katika vyakula kama samaki na maharage. (Tafadhali, kesho nisisikie kwamba redio imesema ndagala zinaleta wazimu. Haikusema.) Vipimo vya picha vimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi dopamini inatengenezwa kupita kiasi, na inatoka pasipo sababu.

Fikiri maana yake. Honi ya motari inalia, na moyo wako unaambiwa: hii ni ya maana, hii ni yako. Mtu anakohoa: ni ishara. Mtangazaji anasema "msikilizaji mpendwa", na wewe unajua, hudhani, unajua, kwamba ni wewe. Kila kitu kina uzito. Mtu hawezi kuishi katika uzito huo bila kutafuta maelezo, na maelezo anayatoa wapi? Katika yale aliyofundishwa tangu utoto. Kijana wa Uvira atasema ni wachawi, ni mapepo, ni askari wanaomfuata. Kijana wa Brussels atasema ni kamera za polisi. Mtafiti Mmarekani Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji wagonjwa wanaosikia sauti, wa California, wa Accra na wa Chennai, kule India. Wa California walisikia mara nyingi sauti za matusi na ukatili. Wa Accra, wengi wao walisikia sauti ya Mungu, wa Chennai wakasikia jamaa zao wakiwaagiza kazi za nyumbani. Ugonjwa wao ulikuwa na jina moja.

Kwa hiyo kemia inatoa uzito, na mahali tunapoishi panatoa hadithi. Narudia, maana hili ndilo lililonileta hapa leo: kemia inatoa uzito, hadithi inatoka kwetu. Jina la shangazi halikutoka kwa pepo lililomwona shangazi usiku. Lilitoka katika mazungumzo yetu sisi, ya miaka yote, kijana akiwa mtoto anasikiliza pembeni ya moto. Akiwa mgonjwa, anaturudishia maneno yetu wenyewe, nasi tunayapokea kama ushahidi.

Bado unaniambia, lakini yeye anaona watu kweli, anawasikia! Ndiyo, anawasikia. Wewe mama uliyepasuliwa wakati wa kuzaa katika hospitali zetu, unakumbuka? Wengi wenu mlichomwa sindano ya ketamini. Vituo vyetu vinaipenda kwa sababu mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, hata mashine isipokuwapo. Wengine mlipoamka mliona ukuta unatembea, mlimsikia marehemu anaongea, mlihisi mwili uko kule na ninyi mko huku. Baada ya saa moja hivi, mkatulia. Je, ulirogwa kwa saa moja, kisha ukarogolewa? Dawa iliziba mlango wa kemikali nyingine ya ubongo, iitwayo glutameti. Ilipoisha nguvu, ukuta ukatulia na marehemu akanyamaza. Wataalamu leo wanaamini kwamba katika skizofrenia glutameti nayo ina kasoro, pamoja na dopamini. Ila kwa mgonjwa wetu hakuna saa ya kuamka.

Mpaka apewe dawa. Ya kwanza, Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Haldol, ambayo wengi hapa mnaijua, iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen, miaka 2 kabla ya uhuru wetu. Walizitumia kwanza, sababu ya kufaa kwake wakaielewa baadaye: zote zinaizuia dopamini isipokelewe.

Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotuponyoka. Kijana amepewa Haldol. Siku ya pili au ya tatu, shingo inapinda upande mmoja na kukaza. Macho yanapanda juu yanabaki huko. Ulimi unatoka, taya linakaza. Mama anapiga kelele. Jirani anasema, mmeona? Pepo linapigana na dawa. Wanamwinua, wanampeleka chumba cha maombi, vidonge vinatupwa chooni. Baada ya siku moja mbili shingo inalegea, nao wanashangilia: pepo limeshindwa!

Pepo hakuna hapo. Dopamini ina kazi zaidi ya moja. Ile inayotia uzito katika mambo, hiyo hiyo katika njia nyingine ya ubongo inaongoza misuli. Dawa imeizuia huku, ikaizuia na kule. Ni jambo linalojulikana, linatokea zaidi kwa vijana wa kiume, na lina dawa yake. Mara nyingi mgonjwa huandikiwa Artane. Mrudishe kwa muuguzi siku hiyohiyo, usingoje kesho, apate dawa ya kumfungua na kipimo cha Haldol kitazamwe upya. Shingo ile iliyopinda ni kemia inayojionyesha wazi mbele yako, na mimi nasikitika kwamba wanaogawa vidonge hivyo mara nyingi hawaiambii familia mapema. Neno moja tu siku ya kwanza lingetosha: shingo ikikaza, rudini.

Haraka haraka, mambo ya kushika. Mtu akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, hasa akiwa na joto la mwili, usiseme ni wazimu wa ukoo. Sisi ni watu wa bonde la Ruzizi. Malaria ikipanda ubongoni inampayukisha mtu, na inaua. Damu ipimwe kwanza. Mama aliyejifungua majuzi akianza kusema maneno yasiyoeleweka, naye ni mgonjwa wa haraka. Mtoto asiachwe naye peke yake. Dawa zikianza kufaa, usiziache ghafla kwa sababu "amepona". Na kamba, minyororo, kulazimishwa kufunga siku saba, hapana. Maombi sikatazi. Mchungaji na aombe, mgonjwa akiwa amemeza dawa na ameshiba.

Wapi pa kwenda? Anza katika hospitali kuu hapa mjini au kituo chako cha afya. Bukavu kuna SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha Wabruda wa Mapendo, lakini ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kupitia Kamanyola na kona za Ngomo, na mnajua barabara ile inavyofungwa. Kwa wengi wetu Bujumbura ni karibu zaidi: pale Kamenge kuna kituo cha magonjwa ya akili ambacho wabruda haohao walikianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpaka ukiwa wazi, ni safari ya asubuhi. Mpaka ukifungwa, dawa zinakatika na ugonjwa unarudi. Hapo msidanganyike kwamba dawa ilikuwa haifai. Aliye na nafasi ya kupata vidonge vya akiba, amwombe daktari mapema.

Nimalizie na swali ambalo huja kila mara tukigusa jambo hili: "Nimempenda msichana, lakini mama yake ni mgonjwa wa akili. Familia yangu inakataa. Nifanye nini?" Kijana wangu, wazee wako hawakosei, ni haki yao kuuliza, na watu wake wasifiche. Lakini rudi kwenye hesabu. Mtoto wa mama mgonjwa, kama 9 katika 10 hawaugui. Yeye ana miaka mingapi? Umri wake ukivuka 30 akiwa mzima, hatari imepungua, ingawa haijafutika. Watoto wenu watakuwa wajukuu wa mgonjwa, na hatari kwa wajukuu ni ndogo zaidi, katika 100 ni kama 5. Mkioana, vijana wenu wakifika miaka 14 au 15 waambieni habari ya bibi yao bila aibu, wawe mbali na bangi, na mmoja wao akianza kukosa usingizi na kujitenga, msingoje afike uwanjani na kutaja jina la mtu.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Juma lijalo ni kifafa.